Kengele ya Shimo la Kumi na Saba

Mtu angemwona Nevenka Jurlina asubuhi ile mbele ya kibanda cha kuandikisha wachezaji, mikono kiunoni na kofia imekaa upande, angedhani amekuja kuununua uwanja wa gofu wa Wandarra pamoja na kangaruu wake wote. Wasiwasi alikuwa nao, tusidanganyane. Ila alikuwa ameukalia, na Nevenka akikalia kitu hakiinuki mpaka anyanyuke mwenyewe.

"Una uhakika, binti?" Mama Glenys alimnong'oneza kupitia kidirisha cha kibanda. "Babako akijua ni mimi niliyewapanga pamoja, hatanunua tena pai zangu."

"Atanunua. Hana pengine pa kwenda."

"Na huyo kijana wako, anajua?"

"Anajua anacheza na mimi. Hakuniuliza nani mwingine."

Mama Glenys akaguna, akamwangalia juu ya miwani. "Mimi nilimpata mume wangu kwa kumkanyaga mguu kwenye dansi. Naona siku hizi mna mipango mirefu."

Mpango haukuwa mrefu, ulikuwa wa siku moja tu. Jumatatu asubuhi Angus Tindale angepanda ndege kwenda Karratha, huko kaskazini, kufunga nyaya za umeme mgodini kwa mkataba wa mwaka mzima. Mwezi mmoja tu uliopita alikuwa amemvisha Nevenka pete, Nevenka akalia, akacheka, akalia tena. Jumapili iliyofuata akaenda kwa kina Jurlina kujitambulisha. Mzee Ante aliposikia jina la ukoo akaweka uma mezani na kusema, "Mtoto wa yule mwongo haoi hapa." Angus aliinuka bila kumaliza sahani yake.

Nje, kwenye gari, alimwambia Nevenka maneno ambayo binti huyu alikuwa akiyasikia mpaka akipiga mswaki. "Nakupenda. Lakini sikai meza moja na mtu anayemwita marehemu baba yangu mwongo. Na wewe huwezi kuolewa baba yako akiwa hayupo, nakujua. Sasa niambie tufanyeje." Nevenka hakuwa na la kumwambia siku ile, na wiki mbili baadaye Angus akasaini mkataba wa mgodi. Pete alimwachia. Nevenka hakuivaa. Aliitia kwenye kimfuko cha mkoba wake wa fimbo, pamoja na vijiti na penseli, akangoja siku itakapokuwa na kazi.

Huo uongo wenyewe ulikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Merv Tindale na Ante Jurlina walikuwa waashi wawili waliojenga nusu ya nyumba za mtaa ule na kula chakula cha mchana kwenye kopo moja. Jumamosi moja walikuwa wakicheza kuwania kikombe cha Wandarra. Kwenye gofu mtu hajiandikii alama zake. Anakuandikia mwenzako, na mwisho anatia sahihi, na kadi isiyo na sahihi ni karatasi tu. Ante ndiye aliyekuwa akimwandikia Merv. Kwenye shimo la kumi na saba mpira wa Merv ulitoweka nyuma ya kilima, na Merv akasema umechukuliwa na kunguru. Ante akasema kunguru hali mipira, akakataa kutia sahihi mbele ya watu wote. Merv alirudisha fimbo zake kwenye gari, na hakukanyaga tena Wandarra mpaka anaingia kaburini.

Kipaza sauti kikakohoa juu ya kibanda. "Wa saa moja na dakika arobaini, kianzio cha kwanza! Jurlina wawili, na mchezaji mmoja wa peke yake!"

Mzee Ante alikuwa amekwishafika kianzioni, anachezesha mabega. Miaka sabini na tisa, mgongo umenyooka, shati limepigwa pasi hadi mikono. Alimwona kijana mrefu mwenye nywele nyekundu akivuta kitoroli chake kuja, akatabasamu kwa adabu kama anavyomtabasamia kila mgeni. Halafu akamtambua, na tabasamu likaishia hapo.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Anacheza gofu, Baba. Ndiye mchezaji wa peke yake. Si umesikia tangazo?"

Angus naye alikuwa amesimama ghafla. "Nev. Uliniambia raundi ya mwisho, mimi na wewe."

"Nilikwambia raundi ya mwisho. Sikutaja idadi."

"Mimi naondoka," mzee alisema, akashika mkoba wake.

"Sawa, Baba. Pita kwa Mama Glenys umwambie Ante Jurlina amekataa mchezaji wa peke yake." Nevenka hakupandisha sauti sana, aliipandisha kiasi cha kuwafikia wazee wanne waliokuwa wakingoja zamu nyuma yao. "Miaka arobaini unawafokea watu hapa. Uwanja wa umma ni wa umma, anayekuja peke yake anaungwa, hakuna wa kumkataa mwenzake. Mwaka jana si ulimkemea daktari mzima mpaka akaomba radhi?"

Wazee wanne wakageuza shingo. "Vipi, Ante?" mmoja akauliza. "Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo!" Mzee Ante akachomoa fimbo yake ndefu, akamkata binti yake jicho. "Umezaliwa na kichwa kigumu wewe. Sijui umekitoa wapi."

"Kwenye kioo chako cha kunyolea," Nevenka akasema, akagawa kadi. "Angus anamwandikia Baba. Baba unaniandikia mimi. Mimi namwandikia Angus."

"Huyu aandike kadi yangu?"

"Wewe si unajua kuhesabu? Akikosea utamwambia."

Angus alipokea ile kadi. Alipoinua macho, yalikutana na ya Nevenka, na yalikuwa na hasira, na chini ya hasira yalikuwa na kile kitu kilekile ambacho kilimfanya Nevenka aanze kuvaa rangi ya mdomo kwenda kazini kupima viwanja. Nevenka alijikaza, akamwambia, "Wewe ndiye wa kwanza kupiga," na Angus akapiga, na mpira ukaenda mbali sana, kwa hasira tu.

Kwenye shimo la kwanza walifika grini, pale kwenye nyasi zilizonyolewa kuzunguka bendera. Mpira wa Nevenka ulikuwa umekaa kwenye njia ya mpira wa baba yake. Desturi ni kuuinua wako, mwenzako apite, na kuacha alama palepale ulipokuwa. Wengi huweka sarafu. Nevenka alipiga goti, akafungua kimfuko, akauinua mpira, na mahali pake akaiweka pete.

Jua la asubuhi likaingia kwenye kile kijiwe. Angus aligeuka akaanza kuangalia bendera kana kwamba hajawahi kuona bendera. Masikio yake yalikuwa mekundu kushinda nywele.

"Hicho nini?" mzee akauliza.

"Alama ya mpira, Baba. Sheria inasema kitu chochote kidogo."

"Najua sheria inasemaje."

"Basi piga. Wenzetu wanangoja."

Mzee aliuinamia mpira wake muda mrefu kuliko kawaida. Akaugusa, ukapita nusu shubiri kando ya pete, ukaingia shimoni. Aliokota mpira wake na kuondoka bila kuitazama pete. Na Nevenka, kila shimo lililofuata, iwe kuna wa kumpisha au hakuna, aliiweka pete ile nyasini na kuiokota tena, taratibu, hana haraka.

Kwenye shimo la tano, mzee akiwa mbele yao hatua thelathini, Angus alisogeza kitoroli chake karibu na cha Nevenka.

"Unanitesa," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo."

"Yaani hata hukatai?"

"Nikatae nini? Jumatatu unanikimbia mwaka mzima. Na mimi nina Jumamosi moja tu ya kukutesa, sitaipoteza."

"Sikukimbii wewe."

"Angus, mwanamume akipanda ndege na mimi nikabaki chini, mimi naita kunikimbia. Nyie mafundi umeme mnaitaje?"

Alitaka kununa, kicheko kikamtoka kwa pua. Nevenka alikuwa amekikosa kicheko kile kwa wiki tatu. Akataka amshike mkono palepale, akakumbuka mzee ana macho kisogoni, akashika mpini wa kitoroli kwa nguvu badala yake.

Jambo ambalo hata Nevenka hakulipanga ni mzee mwenyewe. Hasira ilimkaa vizuri. Aliacha kupiga soga, aliacha kuwafundisha watu, akawa anapiga mpira tu, na mpira ulikuwa unamtii. Kufikia shimo la kumi na moja Nevenka alitupa jicho kwenye kadi aliyoishika Angus, akapiga hesabu, akarudia. Wazee wote wa gofu wana ndoto moja, nayo ni kumaliza mashimo kumi na nane kwa mikwaju isiyozidi miaka yao. Baba yake ana sabini na tisa. Akiendelea hivi, leo anaipata.

"Umeona?" akamnong'oneza Angus.

"Naona tangu shimo la saba. Usimwambie."

"Anajua. Tazama anavyotembea."

Kwenye shimo la kumi na mbili mpira wa mzee ukaingia bwawani. Ulikuwa wa njano, kama ilivyokuwa mipira yake yote tangu Nevenka akiwa mtoto, na ulikuwa mmoja tu. Alikuwa akisema mtu anayebeba mipira mingi amepanga kuipoteza. Sasa alisimama ukingoni mwa maji, akapapasa mifuko yake miwili mitupu.

Angus akamnyooshea mpira. Mweupe, mpya. "Chukua, Bwana Jurlina."

"Nitamwomba binti yangu."

"Yangu ya waridi, Baba," Nevenka akasema kwa upole mwingi. "Ina vipepeo."

Mzee aliangalia vipepeo, akaangalia mpira mweupe. Akauchukua. "Nitakurudishia," alisema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia Angus tangu asubuhi.

Walifika shimo la kumi na saba mzee akihitaji mikwaju minane kwa mashimo mawili ya mwisho. Minne hapa, minne pale, na ndoto ni yake.

Shimo lile lina kilima katikati, na anayepiga haoni mpira unaangukia wapi. Ndiyo maana juu ya kilima kuna kengele ya shaba kwenye nguzo. Mmoja hutangulia, akaona kama walio mbele wameshaondoka, akavuta kamba, kengele ikalia, na hapo ndipo walio chini wanapiga. Hakuna anayepiga kabla ya kengele. Angus alipiga wake wa kwanza baada ya kundi la mbele kuwapigia kengele, kisha akapanda kilimani. Kengele ikalia tena. Mzee Ante akavuta pumzi, akazungusha fimbo, na mpira ukaruka kilima katikati kabisa, mweupe kwenye anga ya bluu.

"Baba!" Nevenka hakujizuia. "Huo ni wa vijana!"

"Nyamaza, piga wako," mzee akasema, lakini mdomo ulikuwa unamcheza.

Wakapanda. Upande wa pili njia ya nyasi ilishuka safi, haina kichaka wala mchanga. Mpira wa waridi ulikuwepo kushoto. Wa Angus ulikuwa kulia, chini ya miti. Katikati hapakuwa na kitu.

Mzee alitembea mbele, akarudi. Alitembea kushoto, akarudi. Akaangalia saa, maana sheria inampa mtu dakika tatu za kutafuta. Ukikosa, unarudi kianzioni kupiga upya na mkwaju wa adhabu juu yake. Ndoto ingeishia pale pale.

Nevenka akamtazama Angus. Alikuwa amesimama kando ya kengele, mikono mfukoni, taya limekaza.

"Umeona nini?" akamuuliza.

"Nikisema, yeye atasema nini?"

"Sijakuuliza atasema nini. Nimekuuliza umeona nini."

Mzee naye alikuwa ameinua kichwa, ameacha kutafuta.

Angus akatoa mikono mfukoni. Kukaa kimya kungekuwa rahisi sana. Kungekuwa kisasi kizuri, cha miaka ishirini na miwili, na kisingemgharimu hata pumzi. Nevenka aliliona wazo lile likipita usoni pake, akaliona likiondoka.

"Kunguru," Angus akasema. "Mpira wako ulitua pale penye majani yaliyolala. Kunguru akashuka, akauchukua, akaenda nao kwenye ule mti mkubwa. Hakuna adhabu, Bwana Jurlina. Weka mwingine palepale uendelee."

Upepo ulipita kwenye miti. Mzee Ante alimtazama Angus muda mrefu, uso wake ukawa na rangi ambayo Nevenka hakuwahi kuiona. Kisha akageuka, akaanza kushuka kilima kurudi kianzioni.

"Baba! Sheria inakuruhusu!"

"Sheria naijua kabla hamjazaliwa nyote wawili!"

Akaenda. Mita mia na sitini, na fimbo yake mkononi, na mpira mmoja wa waridi aliompokonya binti yake bila hata kuangalia vipepeo.

"Umeona?" Angus akasema. "Bora apoteze kitu alichokitamani maisha yake yote kuliko kuamini neno la Tindale. Nimemaliza, Nev. Jumatatu naenda, na nikirudi..."

"Ukirudi nini?"

"Sijui. Usiningoje."

Maneno yale yalimchoma Nevenka, na yalimchoma vibaya. Lakini alimjua baba yake, na aliijua migongo ya watu, kwa kuwa kazi yake ni kusimama mbali na kupima. Mgongo ule ulioshuka kilima haukuwa wa mtu aliyeshinda.

"Nitakungoja nikitaka," akasema. "Hilo si lako kuniamulia."

Chini kule mzee alikuwa amesimika kijiti, ameweka mpira, amesimama. Akatazama juu, kuelekea kwenye kengele. Angus akanyoosha mkono kushika kamba.

Nevenka akaudaka mkono ule. "Usipige."

"Anangoja kengele."

"Najua."

"Nev, hatapiga bila kengele."

"Najua hatapiga. Huyo hajawahi kuvunja sheria ya uwanja huu hata siku moja. Basi na angoje."

Wakabaki wamesimama hivyo, vidole vyake vimezunguka kiganja cha Angus, na kamba inaning'inia kati yao. Dakika moja. Mbili. Angus hakuutoa mkono. Polepole akaugeuza, akavishika vidole vya Nevenka. "Wewe mwanamke," Angus alisema chini chini, "utaniua." Nevenka alikuwa akimtazama baba yake.

Mzee alipunga fimbo. Akaipunga tena. Kisha akaokota mpira, na akaanza kupanda kilima kwa mara ya pili. Alifika anahema, jasho limelowesha lile shati la pasi.

"Kengele imekufa?"

"Ipo hai. Mimi ndiye nimekataa isipigwe."

"Nevenka!"

"Hapana, Baba, leo utanisikiliza. Ukitaka kujitwisha adhabu kwa sababu humwamini, sawa. Lakini usimpe mgongo. Simama hapa, mtazame machoni, umwambie, wewe Angus ni mwongo. Ukiweza kulisema hilo naipiga kengele mwenyewe, na pete hii naitupa bwawani, na hamtasikia tena habari ya harusi."

Angus akafungua mdomo. Nevenka akambana vidole, akaufunga.

Mzee Ante akamtazama kijana. Alikuwa na macho ya Merv, hilo halikufichika, macho ya kijivu yasiyopepesa. Mzee alijaribu. Midomo ilisogea. Halafu badala ya neno alilolifuata likaja swali.

"Walikuwa kunguru wangapi?"

"Mmoja."

"Akaruka moja kwa moja?"

"Hapana," Angus akasema. "Mpira ulimteleza. Aliudondosha pale kwenye kijia, akashuka, akauokota tena kwa ubavu wa mdomo. Ndipo akaenda."

Mzee akatafuta benchi iliyo chini ya kengele, akaketi. Fimbo ikamponyoka ikaanguka nyasini.

"Nani alikusimulia hayo?"

"Anisimulie nani? Nimeyaona sasa hivi."

"Baba yako hakukwambia? Kwamba wake ulidondoka, akauokota tena?"

"Baba hakuwahi kuizungumzia siku ile," Angus akasema. "Hata mara moja. Mama ndiye aliyetwambia kwamba kulikuwa na ugomvi juu ya kunguru. Baba ukimtajia Wandarra, alikuwa anatoka chumbani."

Mzee akaufunika uso kwa mikono yake mikubwa ya mwashi. "Aliniambia hivyohivyo," alisema kutoka nyuma ya vidole. "Kwamba ulimdondoka mara moja. Nikamwambia, tazama, mwongo anavyoongeza chumvi. Mbele ya watu wote nikasema hivyo. Miaka arobaini sijaibiwa mpira, nikajua kunguru haibi." Akatoa mikono, macho yamelowa. "Kunguru huuchukua mpira akidhani ni yai, na mimi nilikuwa nacheza na ya njano. Yai gani la njano? Pumbavu mimi. Merv alikuwa na mipira myeupe, kama huu wako."

Nevenka akaketi kando yake, akamshika bega. Kwenye mti mkubwa kunguru alilia mara mbili, na mzee akainua kichwa. "Wewe nawe," akamwambia, "ulikuwa wapi siku zote?"

Kisha akasimama, akapangusa uso kwa kofia, akamgeukia Angus. "Nionyeshe ulipotua."

"Pale penye majani yaliyolala."

"Una mpira mwingine?"

Angus akampa. Mzee akauweka alipoonyeshwa, na kabla ya kupiga akasema bila kugeuka, "Kadi ya baba yako ya siku ile. Ilitupwa?"

"Mama anayo. Iko ndani ya albamu ya harusi yao. Sijui kwa nini aliiweka humo."

"Mwambie Jumapili ijayo nitakuja. Nitakuja na kalamu."

Angus akageuka upande wa miti. Mabega yalimtikisika kidogo, na Nevenka alimwacha, kwa maana kuna mambo ambayo hata mchumba hapaswi kuyaingilia. Mzee akapiga. Mkwaju wa pili, wa tatu, na kwa wa nne mpira ukaingia shimoni.

Shimo la kumi na nane wazee wanne wa nyuma waliwakaribia mno, tena kwa makusudi, maana habari za mikwaju ya Ante zilikuwa zimeshawafikia. Mzee alifika grini akiwa ametumia mikwaju mitatu, na mpira ukiwa mita moja tu na shimo. Aingize huu, iwe sabini na tisa. Akagusa mpira, ukaenda, ukazunguka mdomo wa shimo, ukakataa.

"Aaah!" wazee wanne wakaguna kwa pamoja.

Mzee alisimama akiutazama. Angus alikuwa ameshika penseli, hajaandika. "Ulikuwa umeingia, Bwana Jurlina. Ni ubishi wa mpira tu."

"Haukuingia. Andika ulichokiona." Akausukuma mpira ndani. "Ngapi?"

"Themanini."

"Themanini." Mzee akalionja neno. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni ambacho Nevenka hakukisikia tangu mama yake alipofariki. "Mwezi ujao natimiza themanini! Sijakosa, jamani, nimewahi tu!"

Angus akatia sahihi, T kubwa ya Tindale chini ya kadi ya Jurlina, akamkabidhi. Wakavua kofia kama ilivyo desturi mwisho wa raundi, wakapeana mikono. Mzee hakuuachia upesi ule wa Angus.

"Hiyo ndege ya Jumatatu," akasema. "Lazima?"

"Lilikuwa wazo la mtu mwenye hasira," Angus akasema, akamtazama Nevenka. "Nitawapigia simu."

"Piga leo," Nevenka akasema. "Jumatatu una kazi nyingine, unahesabu wageni wa harusi."

Katika furaha ile Nevenka alikuwa bado hajapiga mpira wake wa mwisho. Alama yake ilikuwa palepale kwenye grini, inameremeta. Kabla hajainama, mzee Ante alikwisha kupiga goti, goti la miaka sabini na tisa, akaiokota pete, akaipuliza majani. Akamnyooshea Angus.

"Mvishe upesi," alisema. "Hapa Wandarra kunguru wanaiba."